Kiti na Kanda Wahukumu Filamu

Filamu zilizosifiwa duniani katika miaka ya 1990 ziliingia Nairobi kwa milango miwili. Wa kwanza ni kumbi za katikati ya jiji: Kenya Cinema pale Moi Avenue, 20th Century pale Mama Ngina, Nairobi Cinema, Odeon. Wa pili ni kanda za video, zilizokodishwa Westlands na Lavington kisha zikateremka hadi vibanda vya Kangemi na Kawangware. Kila mlango ulizaa wahakiki wake, na hadi leo hawapatani. Mfano ni Kiti cha Sinema na Kanda ya Video, waliokutana kwa mafundi wa fanicha kando ya Ngong Road. Kiti alikuwa anangoja kitambaa kipya, maana ukumbi wake sasa ni kanisa. Kanda alikuwa ndani ya katoni, pamoja na misumari.

Kiti, kwa kuwa ndiye mkubwa, alianza na Titanic ya 1997.

"Saa tatu na zaidi, kijana. Tuzo 11 za Oscar. Watu walisimama mara moja tu, kwa wimbo wa taifa kabla ya picha kuanza. Nikajikunja kwa heshima, wakanikalia tena, hawakubanduka. Hiyo ndiyo sinema."

"Mzee, sikupingi," Kanda akajibu, "ila hadithi yenyewe haina kichwa. Wanaanza tu kupiga mayowe majini. Wale wawili walioshikana mikono walijuana wapi?"

Ieleweke kwamba Titanic ilikuwa ndefu mno, ikauzwa kwa kanda mbili. Huyu ni wa pili. Wa kwanza aliazimwa na jirani kule Lavington, hakurudi. Kuona nusu ya filamu hakukumzuia Kanda kutoa hukumu kamili, na kwa hilo hana tofauti na wahakiki wengi wa jiji.

Kuhusu The Shawshank Redemption ya 1994, hata hivyo, hoja yake ilikuwa nzito. Huko Marekani kumbi zilikaa tupu. Filamu ilitajwa kuwania Oscar 7, ikatoka mikono mitupu. Waliokuja kuipa jina ni watu wa kukodi kanda na watazamaji wa televisheni.

"Viti mlikuwa wapi, Mzee?"

"Tulikuwepo," Kiti akasema. "Wenye kutukalia ndio hawakuja." Akageuza mazungumzo.

The Lion King, ya mwaka huohuo, waliisifu wote wawili. Wachoraji wa Disney walizuru Kenya, wakatazama miamba ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakarudi kwao kuichora. Sauti ya Mufasa akapewa James Earl Jones wa Marekani. Kiti aliona si haba, kwani mwamba haulipwi popote duniani. Kanda akasema angalau fisi wangeachiwa majina ya heshima.

Ugomvi hasa ulikuwa juu ya The Ghost and the Darkness, ya 1996, inayohusu simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Reli hiyo ndiyo iliyofika hapa 1899 na kuzaa mji, kwa hiyo Nairobi ina haki ya kuwa na neno. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Simba wa kweli walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni. Wale wa filamu wana manyoya tele, utadhani wametoka kusukwa Kenyatta Market.

"Uongo mtupu!" Kanda akafoka.

"Chumvi haikuanza na Hollywood," Kiti akamtuliza. "Patterson, aliyewaua, alidai wamekula watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 ukakadiria 35 hivi."

"Na ngozi zao?"

"Alizifanya mazulia kwake kwa miaka 25, kisha akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000."

"Kukanyagwa miaka 25!"

"Afadhali mimi, nakaliwa tu."

Hapo Kanda akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza: filamu ya kwetu ya miaka hiyo ni ipi?

"Saikati," Kiti akasema bila kusita. "Kazi safi sana."

"Safi kupindukia," Kanda akaongeza. "Uliiona?"

"Wewe je?"

Fundi akawasha mashine, na hakuna aliyejibu. Saikati iliongozwa na Anne Mungai wa chuo cha KIMC, ikatoka 1992. Inamhusu msichana Mmaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, akaja Nairobi na binamu yake aliyemwahidi kazi, akakuta kazi yenyewe ni kuuza mwili. Kwa macho ya mji huu inazidi Titanic nzima, kanda zote mbili. Mwenye nakala yake na aitazame, ila asimwazime jirani.