Ukuta Umekubali, Barabara Imekataa

"Bwana Mshauri, nina Carina Ti. Nimeiegesha mbele ya ukuta wa jirani, nikapima mita 10, nikabandika tepu, nikazungusha skrubu mpaka taa zote mbili zikakaa sawasawa. Jirani amenuna kwa sababu tepu imebandua rangi yake mpya. Mimi nikishika njia ya Rumonge usiku, kila ninayepishana naye ananimulikia kwa hasira. Kosa langu liko wapi? – Mwenye Tepu, Buyenzi."

Ndugu Mwenye Tepu, jirani kamwombe radhi. Hilo halina skrubu. Kuhusu taa, kazi yako haina kasoro, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwani ulichopima ni kimo cha mwanga, umbo lake hukulitazama. Mwanga wa chini haukatiki kwa mstari mmoja ulionyooka. Upande mmoja ukingo wake umelala, upande wa pili unapanda, kwa kawaida kwa nyuzi kama 15, ili umulike kando ya barabara penye waenda kwa miguu na vibao. Gari lililotengenezwa kwa nchi inayopita kushoto, kama Japani, Tanzania au Kenya, mwanga wake hupanda kushoto. Sisi Burundi, sawa na Rwanda na Kongo, tunapita kulia. Gari la Japani linaloshushwa Dar es Salaam na kuingilia Kobero linabadilishiwa upande wa barabara mpakani, wala hakuna anayelibadilishia taa. Matokeo yake, mwanga uliokusudiwa kando ya njia unaelekea kwa wanaokuja, na kando yetu ya kweli, kulia, kwenye baiskeli zilizosheheni ndizi na akina mama wanaotoka sokoni, inabaki gizani.

Tuweke namba. Tuseme taa zako ziko sentimita 65 kutoka chini, na umezishusha sentimita 10 katika mita 10, kipimo cha kawaida kwa gari dogo. Upande uliolala, mwanga unagusa lami mbele yako mita 65. Safi. Sasa mchukue dereva anayekuja, yuko mita 3 kushoto kwako, macho yake sentimita 45 juu ya kimo cha taa zako. Kwa gari lenye taa za nchi yetu angebaki juu ya ukingo, kivulini. Kwa lako, akifika kama mita 35 anaingia ndani ya ule mwanga unaopanda, na anabaki humo mpaka mpishane. Hapo nimehesabu barabara tambarare, mfano ile ya pwani ya Tanganyika. Kwenye vilima vya barabara ya Bugarama, pua ya gari ikiinuka kidogo tu, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Najua utakalouliza: si kuna skrubu ya pili, ya kwenda kulia na kushoto? Ipo, ila haigeuzi umbo, inalisogeza tu. Ukilisogeza kulia ili ile sehemu inayopanda iangukie kwenye baiskeli, mpando wenyewe unaanza mapema zaidi, na anayekuja anazama ndani zaidi. Ukilisogeza kushoto vya kutosha, ni kweli, unaweza kumpitisha juu ya ukingo uliolala, lakini sehemu kali ya mwanga imehama nawe kwenda njia ya mwenzio, na kulia kwako umeongeza giza juu ya giza. Mafundi wa Buyenzi wana mikono ya ajabu, lakini bisibisi haigeuzi kioo cha taa kilichofinyangwa kiwandani.

Dawa kamili ni kununua taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Gari lililouzwa pia Ulaya au Ghuba, kwa mfano RAV4 au Hilux, taa zake za aina hiyo zipo duniani, mradi uhakikishe zinafanana na za toleo lako. Mwenye Probox asisumbuke sana: hilo gari, tangu lilipotoka mwaka 2002, limelenga soko la Japani, na Japani wanapita kushoto. Kwake, na huenda kwako pia, inabaki dawa ya nusu. Rudi ukutani (mwingine, tafadhali), ziba taa moja kwa nguo, kisha sogeza kipande cha karatasi nyeusi juu ya kioo cha taa inayowaka mpaka uone ile sehemu inayopanda imefifia ukutani. Hapo ndipo pa kubandika tepu isiyopitisha mwanga. Waingereza wanaovuka bahari kwenda Ufaransa hubandika vibandiko vya kazi hiyohiyo. Kama taa yako ina jicho la duara ndani, tepu ya nje haitafanya kazi hivyo. Fundi aangalie kama ndani kuna kikingio kinachogeuzwa, maana baadhi zinacho. Kisha shusha mwanga kutoka sentimita 10 hadi 20. Yule anayekuja sasa ataingia mwangani akiwa mita 18 hivi, nusu ya mwanzo.

"Mzee, wewe unataka tushushe taa, na sote tuna magari ya Japani. Nikishusha peke yangu, kipofu ni mimi. Tukipofuana wote, si sare hiyo? – Dereva wa Teksi, Kinama."

Ndugu Dereva, hoja yako ina uzito kuliko unavyojua, kwa hiyo sitaipuuza. Ukishusha hadi sentimita 20, mwanga wako unaishia mita 32 badala ya 65, na hiyo ni hasara halisi. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzima, utahitaji kama mita 28 tangu uone mpaka usimame. Bado uko salama, kwa shida. Ukienda 60 utahitaji karibu 37, na mwanga umeshakwisha. Kwa hiyo anayeshusha taa lazima ashushe na mwendo, la sivyo nimempa ushauri wa kuua. Lakini sare unayoitaja ni ya wenye taa tu. Mwenye baiskeli hamrudishii mtu mwanga. Wewe na mwenzio mkipofuana kwa sekunde mbili, ni yeye mliyemwacha katikati ya vipofu wawili, tena upande ambao taa zenu zote mbili haziumuliki. Na ukiwa peke yako barabarani, washa mwanga wa juu. Ndiyo kazi yake. Hasara ya mita 33 unaibeba wakati wa kupishana tu.

"Mimi nimemaliza tatizo: nimeweka balbu za LED, mchana kweupe. Kwa nini ukutani sioni ukingo wowote? – Mjuzi, Rohero."

Bwana Mjuzi, kwa sababu umeung'oa. Balbu ya kawaida ya H4, ya wati 60 kwa 55, ina kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa mwanga wa chini. Hicho ndicho kinachokata mwanga. Balbu ya LED isipoweka chanzo chake mahali palepale pa ule waya, mwanga unatapakaa, na nyingi za bei rahisi hazikiweki hapo. Pasipo ukingo hakuna cha kupima. Rudisha za zamani, na kama kioo kimekuwa cha njano, king'arishe kwanza. Huenda ndicho kilichokupeleka dukani.

"Mshauri, taa zangu fundi alizipanga vizuri, lakini nikipakia nyanya nyuma ya Probox watu wanalalamika. – Mfanyabiashara, Kanyosha."

Mama, magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari lako yameachana mita 2 na nusu hivi. Nyanya zikishusha nyuma sentimita 4 na nusu tu, taa zinainuka nyuzi moja, yaani sentimita 17 ukutani kwenye mita 10. Zile 10 za fundi zimeliwa na zimezidi. Kama kuna kidude cha kuteremsha taa karibu na usukani, kitumie kila ukipakia. Kama hakipo, mpelekee fundi gari likiwa na mzigo, matairi yamejazwa upepo wake, na wewe mwenyewe umekaa kwenye usukani. Mwambie pia atazame upande gani mwanga unapanda. Asipokuelewa, msomee jibu la Mwenye Tepu.