Muulize Bibi Timazi

Kikapu cha barua kimejaa malalamiko ya wenye nyumba mpya. Masika yameanza, na mvua ndiyo mkaguzi pekee wa majengo hapa Dar es Salaam asiyekunywa chai. Ila nawaomba: barua inayoanza na ile methali ya ufa na ukuta naitupa bila kuisoma. Sababu mtaiona hapo chini.

«Shikamoo Bibi. Nimenunua apatimenti ghorofa ya nne, Mbezi Beach. Nilikabidhiwa funguo, keki na picha ya pamoja. Sasa sebuleni kumetokea nyufa, na msimamizi anasema ni nyumba inapumua. Ni kweli? – Mwenye Funguo Mpya»

Marahaba, mjukuu wangu. Nyumba hupumua, ni kweli. Hata mgonjwa wa pumu anapumua. Suala ni anapumuaje.

Nyufa nyembamba za unywele, zilizotapakaa ovyo kwenye lipu, mara nyingi ni za haraka ya fundi. Alipiga lipu asubuhi, hakuimwagilia maji, jua likaikausha kabla haijashika. Zinakera macho, basi. Wa kukunyima usingizi ni ule ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukakimbia mshazari, au unaoshuka ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, au uliojichora kwenye nguzo na bimu. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake mbili, andika tarehe hapo hapo ukutani, pima upana, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Wiki ijayo rudia. Ukikuta umepita alama, ujue huo unatembea, na unaotembea hautibiwi kwa rangi.

Methali sasa. Msimamizi wako naye alifundishwa shuleni, ndiyo maana atamtuma kijana na mfuko wa saruji nyeupe aje azibe upesi, kabla hujapima chochote. Ufa ukishazibwa na kupakwa rangi, ushahidi wako ndio umezikwa. Kijana mpe soda, mwambie asubiri.

Kama ufa uko kwenye nguzo, au milango ya nyumba nzima imegoma kufunga kwa mkupuo, usiniandikie mimi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiwe anayelipwa na huyo huyo mjenzi. Hapa sitanii. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, hapa hapa mjini, lilianguka Machi 29, 2013, likaua watu 36.

«Bibi, nikioga, maji hayaendi kwenye tundu, yanakuja sebuleni. Fundi ameniambia nioge taratibu. – Muogaji, Upanga»

Huyo fundi ana kipaji, angegombea udiwani. Tatizo lako ni mteremko: sakafu imelalia mlangoni badala ya kulalia tundu, na hakuna dawa ya kupaka juu. Tailizi zing'olewe, sakafu isawazishwe upya. Zikishang'olewa, chungulia kama chini kuna kizuia maji chochote, maana wengi hukiacha kwa kuwa hakionekani kwenye picha za tangazo. Kikishapakwa na kukauka, kabla ya kupanga tailizi nyingine, ziba tundu, jaza maji kina cha vidole viwili, yaache saa 24. Kesho yake shuka kwa jirani wa chini ukaitazame dari yake. Usiende mikono mitupu. Peleka maandazi, kwani huenda ukamkuta ameshaweka ndoo.

«Bibi, kila nikipiga simu kwa mjenzi naambiwa kesho. Nilishalipa zote. Sipendi ugomvi. – Mpole»

Mpole, nyumba yako sina wasiwasi nayo kama nilivyo na wewe. Mwenye kujengewa ofisi na mkandarasi hazimalizi pesa: sehemu hubaki mkononi mwake mpaka kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, mara nyingi miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano. Wewe umelipa zote ukitazama mchoro wenye watoto wa kizungu wakiogelea. Haya, yamepita. Toa mkataba wako kabatini, tafuta kipindi hicho kimeandikwa miezi mingapi, na hesabu imebaki mingapi. Ninavyowafahamu, hizo «kesho» zimepangwa ziishie siku moja baada ya hapo.

Kwa hiyo acha simu. Andika barua yenye tarehe, taja kasoro chumba kwa chumba, bandika picha, ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo si ugomvi, ni karani tu anafanya kazi yake. Paa likivuja au ukuta wa nje ukinyonya maji, usihangaike peke yako: sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 inawafanya wenye nyumba wote kuwa wamiliki wa pamoja wa maeneo ya namna hiyo. Itisheni kikao. Mwangalie tu kwanza mwenyekiti asije akawa shemeji wa mjenzi.

«Bibi, mimi ni mjenzi. Unatuharibia soko. Siku hizi mteja anakuja na penseli, anagonga tailizi kwa sarafu kama daktari. – Mwenye Uchungu»

Sarafu sikuwafundisha mimi, lakini hongera zao: tailizi inayolia mvungu haikushikwa na mota, itabanduka. Mwezi ujao watakuja na testa ya soketi, basi kaangalie mapema kama waya wa ethi umefika ardhini au umeishia nyuma ya lipu. Na ule unga mweupe unaochanua kwenye kuta zako za chini ni chumvi. Nieleze mchanga ulitoka wapi. Kwa maandishi, tafadhali.