Namna ya Kupanda Kilimanjaro Bila Kufika Mbali

Ndugu yangu wa Mbinga, umeamua kupanda Kilimanjaro. Yaani, umeamua watu wajue umepanda. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili ndilo rahisi.

Kwanza, shika njia ya Marangu. Ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Njia nyingine utalala kwenye hema. Wenyeji wa kazi huiita njia ya Coca-Cola. Ukirudi nyumbani, jina hilo lisahau; linasikika rahisi mno.

Pili, usibebe kitu. Mzigo wako ni wa mgumu. Ndivyo wapagazi wanavyojiita, na wana haki: mtu ana kilo 20, anakupita asubuhi akikuambia "pole pole", jioni unamkuta kibandani, maji ya chai yameshachemka. Wewe beba simu.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu, jua pa kuishia. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, ni mita 5,685, na anayefika hapo hupewa cheti cha hifadhi. Kilichobaki ni mita 210 tu, lakini ni kama saa mbili za kujikokota katika baridi inayogandisha maji ndani ya chupa. (Chupa igeuze kichwa chini. Barafu huanzia juu, hivyo mdomo hautaziba. Ushauri huu ni wa kweli kabisa; utoe mbele za watu.) Cheti kitie fremu, ukitundike juu kidogo, pale macho ya wageni yasipofika vizuri.

Ukichoka mapema zaidi, kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, intaneti ipo tangu 2022. Subiri ukungu ushuke, jipige picha, rusha, andika: "Juu kabisa!" Juu ya nini, hujasema.

Nne, habari za baridi usiwasimulie watu wa Mbinga. Hao huchuma kahawa katika baridi ya Juni na Julai, watakucheka. Iteremshe hadithi hadi Mbamba Bay, ziwani, kwa wanaoanika dagaa juani. Watakuonea huruma, na dagaa utapewa.

Atabaki mzee mmoja wa kuuliza: barafu yenyewe uliigusa? Mwambie imeyeyuka. Uongo wako hapo ni mdogo sana: tangu 1912, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imekwisha.