Kupasha Viungo kwa Ajili ya Aya Moja

Siku hizi huwezi kuandika hata barua ya kuomba likizo bila mtu kukuuliza kama umepasha mwili moto.

Kijana aliyetuendeshea semina ya uandishi alitusimamisha, tukazungusha mabega, tukakung'uta vidole, tukavuta pumzi mpaka tumboni. Kisha kila alfajiri, akasema, tujaze kurasa tatu za lolote linalopita kichwani. Hilo ni agizo la Mmarekani Julia Cameron katika kitabu chake The Artist's Way cha mwaka 1992: ziandikwe kwa mkono, kabla ya shughuli nyingine yoyote. Bibi huyo hajapata kupanga chumba Manzese. Kwetu shughuli ya kwanza ya alfajiri ni foleni ya choo, ya pili ndoo ya maji.

Nikizungusha mabega uani, mama mwenye nyumba anaacha kupeta mchele. "Mwanangu, mgongo tena? Si ukakandwe!" Watoto wamejipanga nyuma yangu wananiiga. Nikivuta pumzi mpaka tumboni, inaingia harufu ya maandazi ya jirani, na wazo pekee linalonijia ni la maandazi.

Sipingi kupasha. Ngoma hupashwa, tena ni lazima: ngozi ikinywa unyevu hulegea, mlio ukafa. Wapigaji huwasha makuti, wakaisogeza ngozi kwenye moto, wakawa wanagongagonga mpaka ilie inavyotakiwa. Mpiga kanuni wa taarabu naye ana nyuzi zaidi ya 70 za kukaza. Mwacheni akaze, hata kama bibi harusi keshaketi. Kazi hizo zina kipimo. Ngozi ikilia, kupasha kumekwisha. Mimi kichwa changu nikigonge wapi nijue kimeiva? Kwa kuwa hakuna ajuaye, tunapasha tu, mpaka jua linazama.

Halafu tunatajiwa wakubwa. Eti Haruki Murakami wa Japani hukimbia kilomita 10. Ni kweli, lakini wanaotuhimiza hawamalizii: akiwa na riwaya mkononi huamka saa kumi alfajiri, anaandika kwa muda wa saa tano au sita, ndipo mchana anakwenda kukimbia. Kazi kwanza, jasho baadaye! Friedrich Schiller wa Ujerumani aliweka matufaha yaliyooza kwenye mtoto wa meza, maana harufu yake ilimpa nguvu ya kuandika. Mke wangu akikuta hata nusu embe limeoza mezani pangu, nitaandikia barazani.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, akatuachia vitabu zaidi ya 20. Kama alizungusha mabega, hakutusumbua nayo.

Semina yenyewe? Tulipasha mwili, tukapasha akili, tukafumba macho tukajiona mtoni, tukafumbua, tukashikana mikono, tukanywa chai. Kalamu zilipogusa karatasi, mwenye ukumbi akaja na funguo: kuna kikao cha harusi. Tukagawiwa vyeti.

Waandaaji, safari ijayo tupeni chai kwanza, na meza isiyoyumba, kisha kaeni kimya tuandike. Atakayekakamaa vidole atasema mwenyewe.