Waingereza Nao Wanajua Kufumba

Leicester, Uingereza

Kwa Mjomba na baraza zima la Chumbageni, Tanga,

Mjomba aliniuliza kwenye simu Waingereza hupumzika vipi bila bao wala kahawa ya barazani. Jibu ni kwamba wanateseka, kwa hiari yao, na kalamu mkononi.

Kuna chemsha bongo ya magazetini hapa, ya kujaza herufi vyumbani, isiyofanana na ile yako, Mjomba, ya "mji mkuu wa Malawi, herufi nane". Hiyo ukijua, umejua. Hii ya kwao kila kidokezo kina sehemu mbili: mwanzoni au mwishoni imekaa maana ya jibu, na kilichobaki ni njia ya kuliunda. Mpaka uko wapi, ujijue mwenyewe. Nawatungia ya Kiswahili muonje: "Lima ovyo upate utajiri", herufi nne. Bwana shamba atakasirika, lakini "ovyo" ni amri ya kuvuruga herufi za "lima", na utajiri ni MALI. Nyingine: "Kasim bado anaficha mnyama mkali", herufi tano. Msiite polisi. Chungulieni ndani ya "Kasim bado" mtamwona SIMBA kajilaza.

Watunzi wengi hutumia majina ya kupanga, nayo yanatisha. Edward Powys Mathers aliyeanza kuwatungia wasomaji wa The Observer mwaka 1926 alijiita Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania iliyotesa watu. Mrithi wake wa 1939 akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo. Wa 1972 ni Azed: lisome kinyumenyume upate Deza, naye ni walewale. Mtu akikutangazia mapema hivyo kwamba amekuja kukutesa, huna pa kushtaki.

Ila Ximenes namheshimu. Alishikilia kwamba kidokezo kiwe na maana sahihi, kionyeshe njia ya haki, na kisiongeze kitu kingine. Kwa kipimo hicho, mimi na jirani yangu, mzee mstaafu, tunalisahihisha gazeti la Jumamosi kama walimu wa zamu. Kidokezo kizuri ukishakifungua unacheka, ingawa ni wewe uliyechekwa. Kibaya kinakupa jibu lakini hakikupi sababu. Na kosa kubwa la watunzi ni kudhani sote tulisoma shule moja nao. Ukikuta baharia, huenda ni AB. Ukikuta mguu, huenda ni ON, kwa sababu za kriketi ambazo mzee alinieleza mpaka chai ikapoa. Mtu aliyekulia Tanga, baharia wake ana herufi saba!

Msiudharau mchezo huu, una kesi zake. Mwaka 1944, majeshi yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, majina ya siri ya vita, Utah, Omaha na Overlord, yalijitokeza katika chemsha bongo ya The Daily Telegraph. Makachero wakamfuata mtunzi, mwalimu mkuu Leonard Dawe, wakamhoji wee, mwisho wakamwachia. Hebu fikirini kuwaeleza makachero kwamba ulikuwa unajaza vyumba tu.

Lakini uungwana wetu hawana. Kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji, mtegaji anajisifia utawala wake, kisha anakupa jibu papo hapo. Hapa unangoja gazeti la kesho, tena ulinunue. Ile ya zawadi ya Jumamosi unaweza kungoja wiki nzima huku baharia wa watu anakunyima usingizi.

Basi nami nawategea, Ximenes akiwa shahidi: "Kikapu cha makuti kimebeba paka na chai isiyo na mwisho", herufi saba. Mkishindwa, nipeni mji. Nautaka Tanga wenyewe, pamoja na nauli ya kuja kuutawala.

Mpwa na mwana wenu.