Mumiani wa Kantini

Northampton, Uingereza

Mjomba, baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Juzi msimamizi wa ghala letu alitangaza kwamba kantini itafanyiwa "revamp". Nikashtuka. Hiyo "re" tulifundishwa shuleni kuwa ni kurudia jambo. Na "vamp" si yule vampaya wa kwenye sinema, mnyonya damu? Kwa mtoto wa Ifakara aliyekua akikatazwa kuzurura usiku asije akakamatwa na mumiani, maana ilikuwa moja tu: wamerudi, na safari hii wako kantini. Siku hiyo nilikula mkate wangu nje, mvuani.

Usiku nikafungua kamusi. Mjomba, kaa vizuri kwenye kigoda. Neno lile halina damu, lina gundi. "Vamp" ni ngozi ya juu ya kiatu, upande wa mbele, ile inayofunika vidole. Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, avantpié, yaani mbele ya mguu, wakalitafuna mpaka kikabaki kipande. Ku-"vamp" kiatu ni kubandua ngozi iliyochakaa na kushonea mpya, soli ikibaki ile ile. Katika karne ya 19 wakabandika "re", na sasa wanazifanyia hivyo hata benki na vyama vya siasa. Vampaya ni ukoo mwingine kabisa, wamefanana jina tu.

Na mji wenyewe ndio huu! Northampton imeshona viatu karne na karne, na buti nyingi za askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza zilitoka pande hizi. Kwenye mpira sisi tuna Wekundu wa Msimbazi. Timu ya hapa inaitwa Mafundi Viatu, nao wanatamba na jina hilo. Kumbe bosi na suti yake anajisifia kazi unayoifanya wewe chini ya mwembe, kwa msharasi na uzi wa nailoni.

Kantini ilipofunguliwa, ukuta unaotazama mlango ulikuwa wa rangi ya chungwa. Supu ile ile.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Ile pesa niliyotuma baada ya mto Lumemo kuingia ndani masika: mama alinionyesha nyumba kwenye simu, lipu safi upande wa barabarani, mlango mpya, nikawaringia wenzangu. Kisha simu ikamponyoka yule mtoto aliyeishika, nikaona uani. Ukuta wa nyuma, Mjomba, umeegemea mpapai. Na msimamizi wa ujenzi ulikuwa wewe! Siku hiyo sikuelewa. Baada ya kusoma kamusi nimekuelewa: umeivalisha nyumba ngozi ya mbele.

Nimetuma nyingine kidogo. Tukipigiana tena, kamera ianzie uani.

Mpwa wako