Ukitaka Kuunda Chombo cha Amani: Hatua Sita za Kufuata

Shirikisho la Mataifa lilianza kazi Januari 1920 na kuvunjwa Aprili 1946. Katikati hapo dunia ikapigana vita vikubwa kuliko vile vilivyolizaa. Wewe unayetaka kuunda chombo kingine, soma hatua hizi kabla hujatafuta ukumbi.

1. Hakikisha mwenye wazo naye anajiunga. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alilipigania Shirikisho hadi likaingizwa katika Mkataba wa Versailles, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1919. Seneti ya nchi yake ikaukataa mkataba huo Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920. Marekani haikujiunga kamwe. Basi tafuta kura za nyumbani kwanza, hotuba za ugenini baadaye.

2. Tumia mizani moja. Agosti 1923 Italia ya Mussolini ilikipiga mizinga na kukiteka kisiwa cha Corfu cha Ugiriki. Aliyelipa ni Ugiriki: lira milioni 50. Oktoba 1925 Ugiriki ikaivamia Bulgaria. Safari hii Baraza la Shirikisho lilitoa amri mara moja, majeshi yakarudi, na aliyelipa ni Ugiriki tena: pauni 45,000. Hukumu ya pili ilikuwa ya haki. Lakini ya kwanza ilikwisha kuwafundisha wote kwamba hata Geneva, makao ya Shirikisho, mwenye nguvu mpishe.

3. Tuma wachunguzi mapema. Japani ilianza kuiteka Manchuria Septemba 1931. Ripoti ya tume ya Lord Lytton ilitoka Oktoba 1932, wakati Japani imekwisha kuunda huko dola la vibaraka. Februari 1933 nchi 42 ziliikubali ripoti, Japani peke yake ikapinga. Wajumbe wake wakatoka ukumbini, na mwezi uliofuata nchi yao ikatangaza kujitoa. Manchuria ikabaki mikononi mwao.

4. Ukiweka vikwazo, anza na mafuta. Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, Shirikisho lilizuia silaha, mikopo na bidhaa za Italia. Mafuta, ambayo bila hayo vifaru na ndege havisogei, yakaachwa. Mfereji wa Suez nao ukabaki wazi, meli za askari wa Mussolini zikapita. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama Geneva kuwaeleza wajumbe, kwa Kiamhari, jinsi ndege zilivyowanyunyizia watu wake sumu. Waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi hadi wakatolewa nje. Akamaliza hotuba yake. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Ethiopia ilikuwa mwanachama tangu 1923 na ilikuwa imefuata kila utaratibu wa kudai haki yake.

5. Waulize wenyewe kabla ya kuwagawa. Chini ya Shirikisho hilohilo, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza na Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji, kwa hoja kwamba wakazi wake hawajaweza kujisimamia. Hakuna aliyewapigisha kura. Chombo kinachohubiri haki ya mataifa hakiwezi kuwanyima watu sauti kisha kitegemee kuaminiwa nao.

6. Jifunze palipofanikiwa. Mwaka 1921 Shirikisho liliamua kwamba visiwa vya Åland, vilivyokuwa vikigombewa na Sweden na Finland, vibaki Finland, na wakazi wake wahakikishiwe lugha yao ya Kiswidi na mamlaka ya kujiendesha. Sweden haikufurahi, lakini ilitii. Uamuzi huo unadumu hadi leo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayobeba zote. Ustadi wa kuamua ugomvi ulikuwapo Geneva tangu mwanzo. Kilichokosekana ni wakubwa kukubali kuamuliwa kama Sweden ilivyokubali. Wakitia saini hilo, chombo chako kitasimama. Wakikataa, waambie wanyonge ukweli siku ya kwanza, ili wasiweke maisha yao rehani kwa ahadi isiyo na mdhamini.